Jiwe Lililoliwa

Mimi sikai. Tangu utotoni mama yangu alikuwa akisema nazunguka kama kuku anayetaka kutaga, na hata leo madaftari ya wanafunzi nayasahihisha nimesimama. Kwa hiyo mwaka 2013, chuo cha ualimu pale Kasulu kilipotutangazia kwamba tunakwenda mazoezi ya kufundisha, na kwamba mkufunzi wa kututathmini atatokea siku yoyote bila taarifa, nilipoteza usingizi wiki nzima. Wenzangu walikuwa wanafua na kusukana nywele. Mimi nilikuwa natafuta zana.

Kama hujasomea ualimu hutanielewa. Kwetu zana ndiyo kila kitu. Andalio la somo unaweza kunakili kwa mwenzako, sauti unaweza kuipandisha, lakini mkufunzi akiingia darasani jicho lake la kwanza linakwenda mezani: umeleta nini cha kuwaonyesha watoto? Na walishatukaririsha kwamba zana bora ni ile unayoishika mkononi, siyo mchoro kwenye karatasi ya manila. Mimi nilipangiwa sekondari moja ya Kibondo, baiolojia kidato cha nne, na mada iliyoangukia majuma yangu ilikuwa mabadiliko ya viumbe, na ndani yake visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Haya, niambie, kisukuku unakiokota wapi kwenye udongo mwekundu wa Buha? Nilishinda makorongoni siku mbili nikarudi na tope hadi magotini.

Nilikuja kukiona dukani. Kulikuwa na mzee mmoja mfanyabiashara, mtu wa pwani ya kusini, upande wa Lindi, aliyeuza kanga na vitenge nyuma ya soko la Kasulu. Nilikwenda kumnunulia wifi yangu kanga, maana nilikuwa nakwenda kukaa nyumbani kwake huko Kibondo. Juu ya rundo la kanga lililo karibu na mlango, pale upepo unapopiga, palikuwa na jiwe la kuzikandamiza zisipeperuke. Ukubwa wake kisahani cha chai, rangi ya majivu, limejikunja kama pembe ya kondoo dume. Nilisahau kanga.

Mzee aliniambia aliliokota utotoni, kwenye korongo la kwao, wakati anachunga mbuzi wa babu yake. Alipoanza kufuata biashara bara alilitia kwenye mzigo, hata hakumbuki kwa nini. Yeye alidhani ni nyoka aliyegeuka jiwe. Nikamweleza kwamba si nyoka, ni gamba la mnyama wa baharini, ndugu wa pweza, na kwamba ukoo wake wote umekwisha duniani, hakusalia hata mmoja. Kitabu chetu kilikuwa na picha yake. Mnyama huyu alijenga nyumba yake chumba kwa chumba. Akikua anajenga chumba kipya mbele, anahamia, kisha nyuma yake anaziba kwa ukuta. Mzee akasikiliza akitabasamu, akasema kumbe naye ni mpangaji.

Nilimwomba aniazime. Akakataa. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, nikasimama pale mlangoni nikihamahama kutoka mguu huu kwenda mguu ule mpaka wateja wakawa wanapita pembeni yangu. Siku ya tatu akanyanyua mikono, akasema, "Chukua, mwanangu, utanitoboa sakafu. Ila lirudi kama lilivyo."

Nikaapa. Nikanunua na ile kanga ya wifi, nikalifunga humo na kulipakata ndani ya basi hadi Kibondo, na kila shimo la barabara nililihesabu kwa mapaja yangu.

Kaka yangu alikuwa fundi wa pampu za maji. Jumatatu anaondoka na pikipiki kwenda vijijini, mpaka Mabamba huko mpakani, anarudi Ijumaa amekuwa mwekundu kwa vumbi. Mkewe, wifi yangu, ndiye aliyebaki nyumbani, na hapo alikuwa na mimba ya miezi sita. Mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu ndiyo iliyovuka, na nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa ncha za vidole. Kaka hakuzungumza habari nyingine. Alikuwa ameshanunua beseni la kuogeshea mtoto, akalificha juu ya dari, akidhani hatujui.

Nilifika, hata chai sijamaliza, akaniita nje. Akanieleza kwamba kule kliniki wamempima wifi wakakuta damu haitoshi, na nesi amemkataza kabisa kula udongo. Nadhani kila mtu anaujua udongo ule, wanauuza sokoni kwa mafungu, na wajawazito wanautafuna kama karanga. Wifi hamu ilikuwa imemkamata vibaya. Akaniambia, wewe ni msomi wa baiolojia, na huna woga; mimi nikisafiri, uwe askari wake. Loo, mtu kama mimi unampa uaskari!

Niliufanya kwa nguvu zote. Nilipekua mfuko wa unga, nikapekua chini ya godoro, nikanusa mikono yake akitoka sokoni. Udongo niliukuta mara mbili, mara ya pili umefichwa ndani ya chungu cha maharage, na mara zote niliutupa chooni yeye akiona. Wifi alikuwa mtu mtulivu, binti wa watu waliovuka kutoka Burundi zamani na kuzaa hapa, wenye kuongea kwa sauti ya chini. Kila nilipomkaripia aliitikia "Ego", ndiyo ya kwao, akaendelea kupepeta. Aliniita wifi. "Wifi, umekula?" "Wifi, kaa basi upumzike." Kutwa nzima wifi, wifi, na mimi nazunguka uani kwake nikitafuta makosa.

Jiwe alilipenda toka siku ya kwanza. Alilishika, akalisogeza puani, akafumba macho. Akasema linanuka mvua ya kwanza. Nikacheka, nikamnyang'anya, nikalifunga kwenye kitambaa na kuliweka juu ya kabati. Naapa haikunipitia akilini. Askari niliyepekua hata chungu cha maharage nilikuwa nimeleta mwenyewe, kwa basi, kitu laini chenye vumbi jeupe kinachonuka mvua, nikakiweka ndani ya nyumba yake.

Basi nikawa nasubiri mkufunzi. Juma la kwanza hakuja. La pili hakuja. Kila asubuhi nilibeba jiwe kwenda shule na kila jioni nikarudi nalo. Ikilia pikipiki barabarani nadondosha chaki. Somo la visukuku nililisogeza mbele mara mbili ili lisiishe kabla hajafika, wanafunzi wakaanza kuniuliza kama hiyo mada haina mwisho. Juma la tatu mvua isiyo ya msimu ikanyesha siku nne mfululizo, nikaogopa kuteleza nalo kwenye tope, nikaliacha juu ya kabati. Ndani ya siku hizo nne sikulifungua hata mara moja.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, mkufunzi alishuka kwenye bodaboda akiwa na tope hadi shingoni. Kipindi changu kilikuwa saa nne na nusu. Nyumbani ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye adabu. Nilivua viatu nikakimbia peku.

Juu ya kabati kulikuwa na kitambaa kitupu. Nikazunguka nyuma ya jiko. Wifi alikuwa ameketi kwenye kigoda, ile kanga niliyomletea ameitandika mapajani, jiwe liko juu yake, kisu kidogo mkononi. Alikuwa anakwangua taratibu sana, kama mtu anayemenya kiazi cha moto, na unga anaukusanya kwa ncha ya kidole. Midomo yake ilikuwa myeupe. Upande mzima wa jiwe, ule wa chini ninaoulaza kwenye kabati, haukuwepo tena. Alikuwa ameula.

Alinitazama, hakukimbia wala kuficha kitu. Akasema pole pole, "Wifi, nilitaka kidogo tu."

Wazee husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku ile sikujikwaa, nililenga. Nilimpokonya jiwe na nikamwambia maneno haya, na nayaandika hapa kwa sababu sijawahi kuyasema tena kwa mtu: "Kumbe. Wale wawili uliwafukia mwenyewe."

Sikungoja kuona uso wake. Nilikuwa na kipindi.

Darasani nilifika nahema, nikaweka jiwe mezani upande ulioliwa ukiwa juu, bila kuchagua. Kumbe kisu cha wifi kilikuwa kimelifungua. Ule upande usioguswa ulionekana kama jiwe butu tu, lakini hapa palipokwanguliwa vyumba vilitokea, kimoja baada ya kingine, vidogo kule katikati na vikubwa kuja nje, na kila kimoja na ukuta wake mwembamba. Wanafunzi walitoka kwenye madawati bila ruhusa wakajaa mezani. Binti mmoja aliuliza, sasa huyu mnyama akishaziba nyuma, akitaka kurudi anafanyaje? Nikamjibu kwamba harudi. Anakaa chumba cha mwisho mpaka anakufa. Nilijibu vizuri sana, kwa sauti ya mwalimu.

Mkufunzi alingoja darasa likatoka. Akalishika jiwe, akaligeuza, akasema kwamba hilo linaitwa amonaiti, ila jenasi yake hasa yeye haijui, na kwamba kwa miaka yake yote ya kutathmini hajaona zana iliyoandaliwa kwa uvumilivu namna hii. Akaniuliza ni nani aliyelikwangua.

Nikasema, "Mimi."

Alama nilizopewa sitazitaja. Nilizipata, inatosha.

Jioni ile nilihamia chumba cha mwanafunzi mwenzangu aliyepanga karibu na shule. Nilimtumia kaka ujumbe kwamba nataka kuwa jirani na kazi. Nilikwenda kuchukua begi langu saa ambayo nilijua wifi yuko kliniki. Lilikuwa tayari limefungwa, nguo zote zimepigwa pasi, na juu yake kuna karanga za njiani alizozifunga kwenye karatasi. Nilizila nikiwa natembea, nikajiambia kwamba mtu aliyekasirika hafungi karanga, kwa hiyo yameisha. Nilijidanganya hivyo kwa miezi.

Nilirudi chuoni Kasulu, na jiwe likaingia chini kabisa ya sanduku langu la bati. Nilikuwa nimeahidi litarudi kama lilivyo; sasa nilipeleke na uso gani? Nikaanza kupita njia ya mbali kwenda sokoni, kupitia stendi, ili nisipite mbele ya duka la kanga. Kila Jumamosi nazunguka mji kama ninayedaiwa. Kaka akinipigia simu naongea haraka haraka, nauliza pampu, nauliza mvua. Sikuuliza mimba. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, najua miezi saba imefika, minane, tisa, na kila hesabu ilivyosogea ndivyo nilivyozidi kushindwa kuuliza. Kama ingetoka, neno langu lingekuwa ndilo lililoitoa. Hivyo ndivyo nilivyoamini, mimi msomi wa baiolojia. Kisha kaka naye akaacha kupiga. Majuma manne simu yangu haikulia kutoka Kibondo, na nikawa naiweka mbali nami, chini ya mto, nisiione.

Hatimaye nilichoka na ile njia ya stendi. Nilitoa jiwe sandukuni, nikaenda nalo dukani mchana kweupe, nikaliweka mezani upande mbovu ukiwa juu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi. Mzee alivaa miwani, akapitisha kidole gumba kwenye alama za kisu, polepole, chumba hadi chumba. Hakukasirika. Alikuwa amelea watoto tisa kwa wake wawili, alijua anachokiona.

"Hili limeliwa," akasema. Akanitazama juu ya miwani. "Aliyelila, amejifungua salama?"

Nikasema sijui.

Nadhani hilo ndilo jibu la aibu kuliko yote niliyowahi kutoa mbele ya mtu. Mzee hakunisaidia. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akasubiri. Nikaanza kumweleza habari ya nesi, na uaskari, na mkufunzi, akanikatiza kwa kiganja. Akalichukua jiwe na kulirudisha juu ya rundo la kanga, upande ulioliwa ukitazama mlango, akasema basi, langu limefika, sasa nenda ukaulize.

Nilipanda basi la asubuhi. Njia nzima nilisimama, ingawa viti vilikuwepo, mpaka kondakta akaniuliza kama nina jipu.

Nilipokaribia nyumba niliona nepi kwenye kamba. Zilikuwa sita, nyeupe, na nilisimama pale njiani nikazihesabu mara mbili kama mtu asiyejua hesabu. Mtoto alikuwa wa kike, ana majuma matatu, na kelele zake zilifika barabarani. Kaka alikuwepo nyumbani, mara ya kwanza kumkuta katikati ya juma. Alinisalimia kwa mkono, kisha akasema kitu ambacho hakukisema kwa hasira. Alisema zile mimba mbili za mwanzo mkewe hakugusa udongo hata punje. Alikuwa anaogopa, kwa hiyo alijinyima, na zikatoka hivyo hivyo. Basi wifi alikuwa amemwambia maneno yangu. Au kaka alimkuta analia, sikuuliza.

Wifi alitoka ndani amembeba mtoto. Alikuwa amevaa ile kanga. Akanitazama vizuri, akatabasamu kama anavyotabasamia wageni, akasema, "Karibu, mwalimu."

Nilipewa kiti. Nilipewa maji, nikapewa ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwa mawese, chakula cha heshima. Nikapewa mtoto nimbebe, nikambeba. Nilimwomba wifi msamaha, nimepiga magoti kwenye mkeka, mtoto mkononi, na machozi yakimdondokea mtoto kwenye kofia. Nilimwambia na habari ya alama, kwamba kazi yake niliiita yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Yamekwisha, mwalimu." Akamchukua mtoto, akambadilisha ile kofia.

Hayakuwa yamekwisha, na wala simlaumu. Nilikwenda tena Krismasi, nikaenda Pasaka, nikaenda mtoto alipoanza kukaa na alipoanza kusimama. Kila mara chakula kizuri, na kila mara mwalimu. Mwalimu umekula? Mwalimu, safari njema. Ukiwa mbali ungesema ananiheshimu. Mimi nilikuwa nimeshazoea kuambiwa nikae nipumzike, na sasa hakuna aliyeniambia. Nikisimama uani nikizunguka, ananiacha nizunguke.

Nilimaliza chuo, nikaajiriwa, nikapangiwa shule upande wa Kasanda, nikaolewa na mwalimu mwenzangu. Mwaka 2015, wakati mabasi yanapita kila siku yamejaa watu waliovuka kutoka Burundi, na darasani kwangu vumbi lao linaingia dirishani, mimi nilikuwa na mimba ya miezi minne na nilikuwa naiba chaki.

Sijui niseme nini zaidi. Ilinijia ghafla, nafuta ubao, lile vumbi likaninukia mvua ya kwanza. Mate yakajaa mdomoni. Nilijaribu kuwa askari wangu mwenyewe na sikuweza hata siku mbili. Nilikuwa nakwenda stoo kati ya vipindi, nafunga mlango, natafuna vipande viwili vitatu, nafuta midomo kwa ukingo wa gauni. Makamu mkuu wa shule alilalamika kwenye kikao kwamba chaki zinakwisha kabla ya mwezi, nami nikalalamika pamoja naye. Usiku sikulala kwa woga wa kumdhuru mtoto; asubuhi, stoo. Nikamkumbuka wifi kwenye kigoda chake, alivyokwangua taratibu, na nilivyotupa udongo wake chooni yeye akiona.

Nilimwambia kaka kwenye simu. Nilijifanya nacheka, nikasema, hebu fikiria, dada yako anakula chaki za serikali. Kaka hakucheka sana. Akasema nimwone daktari, nikasema nimeshaonwa, nimepewa vidonge vya damu, na hamu iko pale pale.

Siku kadhaa baadaye kondakta wa basi la Kibondo alisimamisha gari mbele ya shule, akapiga honi na kunikabidhi kifurushi dirishani. Kilifungwa kwa karatasi ya daftari, kimezungushiwa uzi wa kushonea. Nilikifungulia stoo. Ndani kulikuwa na udongo wa kula, vipande vinane vya kijivu, vimechaguliwa vile laini visivyo na mchanga, na vimekaushwa juani kwa uangalifu. Kwenye karatasi, kwa penseli, mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba:

"Wifi, acha chaki, zina dawa. Kula huu, kidogo kidogo."

Nilisoma lile neno la kwanza. Nikalisoma tena. Kengele ya kipindi ililia, na wanafunzi wakaanza kunisubiri, na mimi nikavuta boksi tupu la chaki, nikaketi.